Kutoka Nairobi kwa ndege: jinsi ya kupiga hesabu ya umbali na muda bila kupotoshwa na tiketi

Nauza tiketi za ndege katikati ya jiji, na swali ninaloulizwa kuliko yote si la bei. Ni hili: "Hapa mpaka Mombasa kwa ndege ni muda gani?" Nami hujibu kwa swali: muda wa nani? Wa rubani, wa tiketi, au wako?

Rubani atakwambia dakika arobaini na kitu hewani. Tiketi itakwambia saa moja. Wewe, ukihesabu tangu ulipofunga mlango wa nyumba yako Westlands mpaka ulipogonga mlango wa shangazi Nyali, utaona karibu saa tano zimekwisha. Wote watatu mmesema kweli. Taabu huanza pale mtu anapochukua jibu la rubani na kupangia nalo siku yake.

Mwongozo huu unakupeleka kutoka jibu la kwanza mpaka la tatu. Unahitaji simu, karatasi, na hesabu ya Kidato cha Pili.

Hatua ya 1: Taja uwanja, usitaje mji

Umbali hupimwa kati ya viwanja viwili, na mji mmoja unaweza kuwa na zaidi ya kimoja. Nairobi yenyewe inavyo viwili vya abiria: Jomo Kenyatta, ambao wazee bado huuita Embakasi kwa jina uliofunguliwa nalo mwaka 1958, na Wilson, ulio kando ya Barabara ya Lang'ata. Kwa mstari ulionyooka vimepishana kama kilomita 12 na nusu. Saa kumi na moja jioni, hizo kilomita 12 zinaweza kukula saa nzima ndani ya teksi.

Kila uwanja una herufi tatu zake, na hizo ndizo za kuangalia. Jomo Kenyatta ni NBO, Wilson ni WIL, Mombasa ni MBA, Kisumu ni KIS, Eldoret ni EDL, Entebbe ni EBB, Dar es Salaam ni DAR, Zanzibar ni ZNZ. Anayekwenda Arusha achunge: JRO ni uwanja wa Kilimanjaro, ARK ni ule mdogo wa Arusha mjini, na kati yao kuna safari ya gari. Anayekwenda Diani naye aangalie kama kuna ndege ya Ukunda, UKA, kabla ya kununua ya Mombasa, maana kutoka uwanja wa Moi mpaka Diani bado ana safari nyingine ya kuvuka kwenda kusini. London na New York ndizo mbaya zaidi, kila moja ina viwanja kadhaa vilivyotawanyika. Andika herufi sita, tatu za kuondokea na tatu za kufikia, juu ya karatasi yako.

Hatua ya 2: Pima umbali

Njia ya haraka ni kufungua Google Maps kwenye kompyuta, ubofye uwanja wa kwanza kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kupima umbali, kisha ubofye uwanja wa pili. Tovuti ya Great Circle Mapper ni rahisi zaidi: unaandika NBO-MBA, inakupa jibu pamoja na ramani.

Ila mimi napenda mtu ajue kinachofanyika humo ndani, na sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati ambayo Mzungu wa Oslo hana. Dunia ni tufe. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111 popote ulipo. Digrii moja ya longitudo nayo ni kilomita 111 kwenye ikweta, lakini hupungua kadiri unavyoelekea kwenye ncha, kama pingili za chungwa zinavyobanana juu. Hapa kwetu bado hazijabanana. Kwa hiyo kwa safari za Afrika Mashariki unaweza kuichukulia dunia kama meza, ukatumia kanuni ya Pythagoras na ukapata jibu la kutegemewa.

Tufanye ya Mombasa. Jomo Kenyatta uko digrii 1.32 kusini na 36.93 mashariki. Uwanja wa Moi uko digrii 4.03 kusini na 39.59 mashariki.

Tofauti ya latitudo: 4.03 toa 1.32 ni 2.71. Zidisha kwa 111, ni kilomita 301.
Tofauti ya longitudo: 39.59 toa 36.93 ni 2.66. Zidisha kwa 111, ni kilomita 295.
Mraba wa 301 ni 90,601. Mraba wa 295 ni 87,025. Jumla 177,626. Kipeuo chake cha pili ni 421 na nusu.

Kilomita 421 na ushee. Ukiingia mtandaoni utakuta tofauti ya kilomita moja au mbili tu. Kwa barabara ni zaidi ya 480, kwa sababu barabara ina kona zake na ndege haina Mariakani ya kupitia.

Chunga jambo moja hapa: ikweta inapita katikati ya nchi yetu. Eldoret uko digrii 0.40 kaskazini, wala si kusini. Hapo hutoi, unajumlisha: 0.40 na 1.32 ni 1.72. Longitudo yake ni 35.24, tofauti 1.69. Fanya mwenyewe, unapaswa kupata kilomita 268. Ukipata pungufu ya 230, umetoa pale pa kujumlisha.

Ukijaribu ujanja huu kwa London, utaumbuka. Utapata kama kilomita 7,180, na umbali halisi ni karibu 6,840. Umejiongezea kilomita 340, kwa sababu huko London digrii ya longitudo imeshapungua mpaka kama kilomita 69, nawe umeihesabu 111. Kwa safari ndefu achia kompyuta. Na ukiona mstari wa Nairobi–New York umepinda kwenye ramani, usidhani ramani imeharibika. Njia fupi juu ya tufe huonekana imepinda ukiibandika kwenye karatasi bapa. Vuta uzi juu ya mpira wa miguu na utaliona lenyewe.

Waliomaliza Kidato cha Nne wataikumbuka mada hii ya longitudo na latitudo, na zile maili za baharini 60 kwa kila digrii. Basi maili hizo ndizo lugha ya marubani hadi leo. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, na maili ya kawaida ni kilomita 1.609. Nairobi–Mombasa ileile ni maili 228 za baharini, maili 262 za kawaida, au kilomita 421. Angalia kipimo kilichoandikwa mbele ya namba kabla hujabishana na mtu.

Hatua ya 3: Geuza kilomita kuwa muda

Ndege kubwa kama Boeing 787 ikishatulia juu hukata karibu kilomita 900 kwa saa. Watu husikia hivyo, wakagawanya 421 kwa 900, wakapata dakika 28, kisha wakaniuliza kwa nini tiketi imeandikwa saa nzima.

Muda wa tiketi huanza pale ndege inapoanza kuondoka kwenye maegesho yake, na huisha inapoegeshwa kule iendako. Ndani yake kuna kutambaa mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, kungoja zamu (na Jomo Kenyatta una njia moja tu ya kurukia, ndefu ya zaidi ya kilomita nne, lakini moja), kupanda kwa kasi ndogo, kushuka kwa kasi ndogo, na kujipanga kutua nyuma ya wengine. Katika safari ya Mombasa ndege haikai juu kwa kasi yake kamili hata nusu saa. Ikimaliza kupanda, inaanza kushuka.

Kanuni ninayoitumia kaunta ni hii: gawanya kilomita kwa 800, kisha ongeza nusu saa. Ni ya makisio, lakini kwa ndege za jeti hainiangushi:

Mombasa, kilomita 421: dakika 32 na 30, saa moja na dakika 2.
Entebbe, kilomita 521: saa moja na dakika 9.
Dar es Salaam, kilomita 665: saa moja na dakika 20.
Addis Ababa, kilomita 1,163: karibu saa mbili.
Johannesburg, kilomita 2,912: saa nne na dakika 8.
Dubai, kilomita 3,559: saa tano kasoro dakika tatu.
London, kilomita 6,840: saa tisa na dakika 3.

Linganisha na ratiba yoyote na utakuta inakaribiana.

Kanuni hii haifai kwa ndege za panga boi. ATR 72 huenda kama kilomita 500 kwa saa. Cessna Caravan, ile ndogo ya injini moja unayoiona Wilson ikipakia watalii, haifiki 350. Kwa hiyo Wilson mpaka Keekorok kule Maasai Mara ni kilomita kama 176 tu, na bado utakaa hewani zaidi ya nusu saa. Tena ndege za Mara hutua kiwanja hadi kiwanja, zikiteremsha wawili hapa na watatu pale, kama matatu ya mtaani. Kambi yako ikiwa ya mwisho kwenye orodha, muda unaweza kuongezeka maradufu. Uliza mapema wewe ni kituo cha ngapi.

Hatua ya 4: Ongeza upepo, na nchi za kuzungukwa

Safari ya kwenda na ya kurudi hazilingani, japo umbali ni uleule. Shirika la Kenya Airways lilipoanza safari ya moja kwa moja ya Nairobi–New York Oktoba 2018, ratiba ilikuwa saa 15 kwenda na 14 kurudi. Katika maeneo ya kaskazini kuna upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Marekani unapambana nao, ukirudi unakusukuma. Safari za hapa Afrika Mashariki ni fupi na upepo wa juu ni mpole, kwa hiyo hutaona tofauti ya maana.

Kizuizi cha pili ni binadamu. Mstari ulionyooka wa Nairobi–London unapita juu ya Sudan. Tangu vita vilipozuka huko Aprili 2023, mashirika yamelazimika kuizunguka sehemu kubwa ya anga hiyo, na mzunguko unakula muda na mafuta. Umbali wa kwenye ramani haukubadilika hata kwa mita moja.

Kwa hiyo usiishie kwenye hesabu. Chukua namba ya safari iliyo kwenye tiketi yako, iandike kwenye Flightradar24, tovuti inayoonesha ndege zikiwa safarini, utazame ile ndege ilichukua muda gani siku saba zilizopita. Ukiona juzi, jana na leo imechelewa nusu saa, usipange mkutano dakika ishirini baada ya kufika.

Hatua ya 5: Soma saa za tiketi kama zilivyoandikwa

Hapa ndipo watu wetu wanapopoteza safari, na nitakaa kidogo.

Kwanza, tiketi haijui saa za Kiswahili. Inahesabu kuanzia usiku wa manane. 08:00 ni saa mbili asubuhi. 20:00 ni saa mbili usiku. 02:00 ni saa nane usiku. Mtu akisema kwa mdomo "ndege yangu ni saa mbili", mwambie akuoneshe karatasi.

Pili, tarehe ya tiketi hubadilika saa sita usiku. Sisi tunalala, tunaamka, ndipo tunasema ni kesho. Mwaka mmoja mama mmoja wa Eastleigh alikuja dukani asubuhi na mabegi matatu, uso umekunjamana. Tiketi yake ya Dubai ilisomeka 00:40, tarehe 12. Alikuwa amekwenda uwanjani usiku wa tarehe 12, saa nne, mapema kabisa, na akaambiwa ndege iliondoka usiku uliopita.

"Kijana, leo si ndiyo kwanza tarehe kumi na mbili imekwisha? Wameniandikia kumi na mbili, nimekwenda kumi na mbili."

"Ni kweli, mama. Ila ilikuwa saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia tarehe kumi na mbili. Ulitakiwa kutoka nyumbani tarehe kumi na moja baada ya Isha."

Hakunijibu. Alikaa kwenye kiti, akafungua mtandio kidogo apate hewa. Kosa lilikuwa langu kwa sehemu, kwa sababu nilimkabidhi karatasi bila kumsomea. Tangu siku ile, tiketi yoyote ya kati ya 00:00 na 05:00 naiandikia kwa kalamu nyekundu: "Toka nyumbani JIONI ya tarehe fulani." Wewe pia fanya hivyo. Na kama una bibi wa pwani wa kizamani, ambaye kwake siku huanza magharibi na "usiku wa Ijumaa" ni ule wa kuamkia Ijumaa, yeye huenda akaelewa tiketi haraka kuliko sisi.

Tatu, saa ya kuondoka ni ya hapa, saa ya kufika ni ya kule. Kenya, Uganda na Tanzania saa ni moja, hakuna shida. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Ndege ya Kigali ikichukua saa moja na nusu, ikiondoka 10:00, tiketi itasema inafika 10:30, na mtu ataniambia Kigali ni nusu saa. Akirudi, ataona kama ni saa mbili na nusu, aanze kulaumu rubani. Johannesburg nayo iko nyuma kwa saa moja. Dubai iko mbele kwa saa moja, Mumbai mbele kwa saa mbili na nusu. London iko nyuma kwa saa mbili majira yao ya joto na tatu majira ya baridi, maana wao hubadilisha saa zao na sisi hatubadilishi. New York ni saba au nane.

Njia ya kutokosea: chukua saa ya kufika, uigeuze kwanza iwe ya Nairobi, ndipo utoe saa ya kuondoka. Ndege ikiondoka 09:00 na kufika London 16:00 majira ya joto, 16:00 ya London ni 18:00 ya Nairobi. 18 toa 9, saa tisa. Inaafikiana na hesabu ya hatua ya 3, basi umesoma sawasawa.

Hatua ya 6: Muda wako mwenyewe

Turudi Westlands kwa yule wa Mombasa. Tiketi ni ya 09:00, yaani saa tatu asubuhi. Anatoka nyumbani saa kumi na mbili na robo. Akilipia Expressway, anaweza kufika mapema. Akiing'ang'ania Mombasa Road chini, jam ya asubuhi itamfunza. Karibu na uwanja anashuka garini kukaguliwa kwa miguu huku gari likikaguliwa peke yake, kisha mlangoni tena. Saa moja na robo yuko kwenye foleni ya kaunta. Saa tatu ndege inasogea, saa nne imeegeshwa Mombasa. Begi, saa nne na dakika ishirini. Kutoka Port Reitz anavuka Makupa, anapita kisiwani, anapanda daraja la Nyali. Saa tano na dakika kumi anakunywa maji ya madafu. Ni saa nne na dakika 55, na hewani hakukaa hata saa moja.

Treni ya SGR ni saa tano hadi sita kutoka Syokimau hadi Miritini, bila kuhesabu kufika stesheni na kutoka stesheni. Anayeishi Mlolongo na anakwenda Miritini hana sababu kubwa ya kupanda ndege. Wa Westlands anayekwenda Nyali anayo.

Kwa safari za nje, fika uwanjani saa tatu kabla. Kaunta nyingi hufungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka, na mtu wa kaunta hana ruhusa ya kukuonea huruma.

Kama unaunganisha ndege, usijumlishe kilomita ukadhani umemaliza. Nairobi–London kupitia Dubai ni kilomita 3,559 na nyingine kama 5,500: zaidi ya 9,000 badala ya 6,840. Hewani ni saa tano na nyingine saba na nusu. Weka saa tatu za kungoja katikati, umefika saa 15 na nusu. Kama nauli imepungua vya kutosha, nenda. Kama ni tofauti ya elfu tano, mimi binafsi nisingekubali. Na hakikisha safari zote mbili ziko kwenye tiketi moja. Zikiwa tiketi mbili, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji na hela hairudi.

Ukienda kumpokea mtu

Wanaokwenda kupokea wageni hufanya kosa la kinyume: wanafika mapema mno na kulipia maegesho bure. Kwa mgeni wa nje, hesabu saa nzima tangu ndege kutua mpaka atokeze na toroli. Kwa wa ndani, dakika ishirini au thelathini.

Mimi nakaa South B, na shangazi yangu huja kutoka Mombasa kila Desemba. Nafungua Flightradar24, nakitazama kile kindege cha manjano kikipanda kutoka pwani. Katikati ya ule mstari wetu wa kilomita 421 panaangukia karibu kabisa na Mtito Andei, palepale mabasi yanaposimama watu wanunue chai na mahamri. Kindege kikifika Mtito Andei, navaa viatu na kutafuta funguo za gari.